Lengo Lako ni la Nani? Maswali Kabla Hujasema Huna Ari

Wengi wanaokuja kuniona kwa ushauri wa kazi na masomo huja na ombi moja: "Nitie moyo, sina hamu ya kufanya lolote." Siku ya kwanza huwa simtii mtu moyo. Namuuliza jana baada ya kazi alifanya nini. Basi utamkuta yule asiyeweza kumaliza kurasa tano za kozi yake alikesha mpaka saa nane usiku akimtengenezea rafiki jedwali la bajeti, wala hakuombwa mara mbili. Hamu anayo, tena ya kutosha, ila haipo pale anapodhani inapaswa kuwepo. Kwa hiyo mtu akiniambia hana ari, ninaanza kwa kulishuku lengo kabla ya kumshuku yeye.

Kuna hali moja naiweka kando mapema. Ikiwa kwa wiki 2 au zaidi, karibu kila siku, umegubikwa na huzuni au hakuna kinachokufurahisha, hata vile ulivyokuwa ukivipenda, na usingizi na hamu ya kula vimevurugika, huenda hiyo ni sonona. Huo ni ugonjwa na unatibika. Upungufu wa damu nao, au tezi ya thairoidi inayofanya kazi chini ya kiwango, humwacha mtu hoi hata akajiita mvivu bure. Hapo muone daktari kwanza. Na ukipata mawazo ya kujidhuru, usingoje miadi. Mwambie mtu leo hii.

Hilo likishaondoka mezani, turudi kwenye lengo.

Wanasaikolojia wawili wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, Edward Deci na Richard Ryan, walipanga sababu zinazomsukuma mtu kutenda kwa ngazi, na mpangilio wao ninautumia karibu kila siku. Chini kabisa yuko anayefanya kwa sababu kuna atakayemuadhibu au kumtuza. Juu yake yuko ambaye hakuna anayemsimamia, lakini msimamizi amehamia kichwani mwake: akiacha atajiona hafai, atajionea aibu. Wa tatu haipendi kazi yenyewe, ila anaiona maana yake na ameikubali kwa hiari. Na juu kabisa yuko anayeifanya kwa sababu inamkolea.

Ngazi ya pili ndiyo inayowaponza watu, kwa sababu kwa nje inafanana na bidii. Aliye hapo hujituma kweli. Huamka alfajiri, huandika ratiba kwa kalamu za rangi tatu. Lakini sikiliza sentensi zake: "Umri wangu huu nilitakiwa niwe nimeshafika." "Wenzangu wote wamemaliza." "Nitawaambia nini nyumbani?" Hakuna hata moja inayolitaja jambo lenyewe analolifanya. Msukumo wa namna hii una nguvu lakini hauna pumzi; unampeleka mtu wiki mbili tatu, kisha hatia ileile iliyomwamsha inamfanya aogope hata kulifungua daftari. Wanasaikolojia Kennon Sheldon na Andrew Elliot walionyesha mwaka 1999 kwamba watu wanaofuata malengo yanayolingana na mapenzi na maadili yao wenyewe hudumu zaidi katika juhudi, na kwa hiyo huyafikia zaidi. Tena wakiyafikia, kuridhika kwao ni kukubwa. Yule wa lengo la kuazima hata akishinda hubaki akijiuliza mbona hajisikii chochote.

Nitaeleza mazungumzo moja. Nimechanganya habari za watu kadhaa ili asijulikane mtu, lakini mwenendo wake ndio huo.

Alikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, karani wa hesabu, anayejiandaa kwa mitihani ya uhasibu. Vitabu alikuwa navyo, ada ililipwa, muda ulikuwepo. Kusoma hakusomi. Nikamuuliza: "Kutoka sifuri hadi kumi, mtihani huu una umuhimu gani kwako wewe, si kwa mtu mwingine?"

"Nne."

Hapo ulimi huwasha kuuliza, "Mbona nne tu?" Usiulize. Ukiuliza hivyo, mtu ataanza kujitetea, na kila sababu ya kushindwa atakayoitaja itazidi kumkaa moyoni kwa kuwa ameisema kwa kinywa chake. Nikamuuliza kinyume chake: "Kwa nini nne, isiwe moja?"

Akanyamaza kidogo. "Mama, nikuambie ukweli? Kozi inanichosha. Lakini kuna wakati ofisini hesabu za miezi mitatu zilikataa kulingana na taarifa ya benki. Kila mtu alikuwa ameshakata tamaa. Nikakaa nazo mpaka nikayapata malipo yaliyoingizwa mara mbili. Siku ile hata njaa sikuisikia."

"Na mtihani unahusiana vipi na siku ile, mwanangu?"

"Lile somo la ukaguzi. Ni moja tu kati ya yote."

Tulipoendelea kuzungumza ikajitokeza kwamba mitihani yote kwa jumla ilikuwa ya kaka yake. Yeye ndiye aliyefaulu akiwa na umri huohuo, na kila familia ikikutana jina lake linatangulia. Ya binti ilikuwa ile kazi ya kufuatilia kosa mpaka lilipojificha. Mitihani hakuiacha. Alianza na somo la ukaguzi, akaomba ahamishiwe kwenye timu inayolinganisha hesabu, na masomo mengine akayaweka mahali pake: gharama ya kuingilia kwenye kazi anayoitaka. Yaliendelea kumchosha, ila sasa alijua anachoka kwa ajili ya nini. Hiyo ndiyo ngazi ya tatu, na kwa sehemu kubwa ya maisha inatosha. Wanaohubiri kwamba ni lazima uipende kila dakika ya safari wanawaonea watu.

Swali la "kwa nini isiwe moja" sikulitunga mimi. Linatoka kwenye mbinu ya mahojiano ya kuamsha ari, ambayo mwanasaikolojia William Miller aliiandika kwa mara ya kwanza mwaka 1983 kutokana na kazi yake na watu wenye matatizo ya pombe, kisha akaikuza pamoja na Stephen Rollnick. Msingi wake ni kwamba mtu hushawishika zaidi na sababu anazojisikia akizitamka mwenyewe kuliko anazohubiriwa. Unaweza kujiuliza peke yako, lakini jibu kwa sauti au kwa maandishi. Ukijibu kimyakimya kichwani, yule msimamizi wa ngazi ya pili atakujibia.

Vipi kuhusu zawadi? Watu hunieleza kwa fahari jinsi walivyojiahidi simu mpya wakimaliza jambo fulani. Mwaka 1971 Deci aliwapa wanafunzi mafumbo ya vipande 7 vinavyopangwa kupata maumbo mbalimbali. Katika kikao cha pili, kundi moja lililipwa dola 1 kwa kila fumbo. Katika kikao cha tatu malipo yakaondolewa. Kila kikao alitoka chumbani kwa dakika 8 kwa kisingizio, akawaacha na mafumbo pamoja na magazeti ya kusoma, naye akawatazama wasijue. Waliokuwa wamelipwa, malipo yalipokoma, walipoteza hamu ya kuchezea mafumbo kuliko wasiowahi kulipwa. Lilikuwa jaribio dogo, lakini kufikia 1999 Deci na wenzake waliweza kukusanya majaribio 128 ya aina hii, na mwelekeo ukawa uleule: zawadi ya kitu iliyoahidiwa mapema, kwa kazi ambayo mtu tayari anaipenda, hupunguza upendo huo. Tahadhari, maana jambo hili hupotoshwa sana: halisemi mshahara ni kitu kibaya, wala halihusu kazi za kuchosha ambazo hakuna anayezipenda. Kusafisha mafaili ya mwaka mzima, jipe zawadi yoyote utakayo. Ila ile shughuli unayoifanya usiku wa manane kwa raha zako, usiiwekee bei haraka.

Sasa tuseme lengo ni lako kweli, na bado hujaanza. Hapa mara nyingi naikuta hofu imevaa nguo za uvivu. Mwanasaikolojia Albert Bandura, katika maandishi yake ya 1977 kuhusu imani ya mtu katika uwezo wake, alitaja vyanzo vinne vya imani hiyo: kuwahi kufanikiwa mwenyewe, kumwona mtu wa hali kama yako akifanikiwa, kutiwa moyo kwa maneno, na hali ya mwili wakati huo, kama moyo unaenda mbio au umetulia. Kilicho na nguvu kupita vyote ni cha kwanza. Maneno ya kutia moyo yana nguvu kidogo, na hufifia upesi uzoefu ukiyapinga. Sina ugomvi na wahamasishaji wa majukwaani, wengine ni wasemaji hodari kwelikweli, lakini mtu akitoka ukumbini amewaka na kesho yake akashindwa hatua ya kwanza aliyojiwekea kubwa mno, yale maneno yamemwongezea tu ushahidi dhidi yake. Kwa hiyo hatua ya kwanza naitaka iwe ndogo kiasi cha kuchekesha. Binti yule alianza na swali moja la ukaguzi la miaka iliyopita, huku kitabu cha majibu kikiwa wazi.

Kuota nako kuna hila yake. Mwanasaikolojia Gabriele Oettingen, pamoja na Thomas Wadden, walifuatilia wanawake 25 waliokuwa kwenye mpango wa kupunguza uzito. Matokeo yalichapishwa mwaka 1991. Walioamini kwamba watafaulu walipungua zaidi. Lakini waliojitengenezea picha tamu za miili yao mipya, kana kwamba mambo yalikuwa mepesi, walipungua kidogo kuliko wengine. Kuamini kulisaidia, kuota kulikwamisha. Tafiti za Oettingen za baadaye zinaonyesha kwamba ndoto tamu hulegeza: nguvu hushuka kana kwamba kazi imekwisha. Anachopendekeza ni kuiwaza ile picha njema, kisha mara moja kukitazama kikwazo kilicho ndani yako mwenyewe. Sio serikali, sio bosi, wewe. Ukiwaza kikwazo ukaona bado kinavukika, nguvu hupanda. Ukiona hakivukiki, hushuka, na huo pia ni msaada, maana unajua mapema kwamba lengo hilo ni la kuachwa.

Kikwazo kikishajulikana, kiandalie mpango wa "ikiwa hivi, basi vile". Peter Gollwitzer ndiye aliyeuchunguza kwa kina, na mwaka 2006 yeye na Paschal Sheeran walikusanya majaribio 94 wakaona unaongeza kwa kiasi cha kuridhisha uwezekano wa mtu kulifikia lengo. "Nitasoma zaidi" hausaidii. Wa binti ulikuwa huu: "Nikishafunga kompyuta ya kazini, kabla sijashika simu, nitafungua swali moja palepale mezani." Kikwazo chake kilikuwa simu, si muda, na aligundua hilo kwa kujichunguza tu jioni mbili tatu. Uzuri wa mpango huu ni kwamba uamuzi umeshafanyika kabla ya saa ya uchovu kufika. Hamu ikiwepo, vizuri. Isipokuwepo, kompyuta imeshafungwa na swali liko mbele yako, na mara nyingi hamu huja ukiwa umeshafika nusu ya ukurasa.

Watu huniuliza itachukua muda gani mpaka iwe mazoea. Zile siku 21 zinazozungumzwa kila mahali zisahau. Phillippa Lally na wenzake wa University College London waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijijengea tabia mpya za kila siku, na kwa wa katikati ilichukua siku 66. Makadirio yalianzia 18 yakaenda hadi 254. Kuruka siku moja hakukuharibu kitu.

Ukubwa wa lengo? Edwin Locke na Gary Latham walitumia miongo kadhaa kuonyesha kwamba lengo mahususi na gumu humfanya mtu atende vizuri kuliko kuambiwa "jitahidi uwezavyo". Lakini kazi ikiwa ngumu na ngeni kwako, usianze na alama unazotaka kupata. Anza na njia unazotaka kujifunza. Anayeingia darasa jipya akiwaza tu asilimia 80 huishia kukariri, na akikwama hana pa kushika.

Mwisho kuna wale ambao, baada ya maswali haya yote, jibu lao kwenye ile sifuri hadi kumi ni moja, na wakiulizwa kwa nini isiwe sifuri hawana la kusema. Hawa ninawaunga mkono kuacha. Najua jamii huwapigia makofi wanaong'ang'ania, na aliyeacha huitwa mwoga. Carsten Wrosch na wenzake, katika utafiti wao wa mwaka 2003, waliwakuta watu wanaoweza kuachana na malengo yasiyofikika wakiwa na hali nzuri ya moyo kuliko wasioweza, na wanaoweza kushika malengo mapya nao wakiwa na nafuu yao. Kwa hiyo simwachi mtu aondoke akiwa ametua mzigo tu. Tunakubaliana ataacha tarehe gani, atamwambia nani na kwa maneno gani, hasa akiwa ni mzazi aliyelipa ada, kisha tunarudi kwenye lile swali la kwanza: jana, baada ya kazi, ulifanya nini?