Je, wajua? Chaneli tupu haisomi sifuri

Chukua bodi ya Arduino Uno (kompyuta ndogo ya kusoma vihisi) iliyofungwa kwenye chumba cha mashine cha kituo cha kupozea maziwa, tuseme Mbarara. Kihisi cha joto aina ya LM35 kiko kwenye pini A0, na A1 haina waya. Kila pini ya kupimia kama hizi ni chaneli. A0 inasoma milivolti 250, yaani nyuzi 25, kwa kuwa LM35 hutoa milivolti 10 kwa kila nyuzi. A1 nayo, isiyo na chochote, inasoma karibu hivyo hivyo. Shika kihisi kwa vidole kipate joto: zote mbili zinapanda.

Kwa kawaida fundi hushuku kwamba nyaya zimegusana au bodi imeungua. Chini ya shaka hiyo kuna imani moja isiyo sahihi, kwamba pini isiyo na kitu ina volti sifuri. Haina. Sifuri ni volti kama volti nyingine, lazima kuwe na kitu cha kuileta, na kwenye bodi kitu hicho ni waya wa graundi, yaani upande wa sifuri wa saketi. Hata neno "analogi" (yaani za kupima volti) kwenye pini sita za Uno linapotosha kidogo, maana mtu huona pini sita akadhani kuna vipimo sita. Kipimo ni kimoja, kinazungushwa.

Ndani ya chipu kuna swichi inayochagua pini, kisha kapasita ndogo sana ya pikofaradi 14 inayoshika volti hadi ipimwe. Fikiria kikombe kimoja kinachounganishwa kwa mpira na pipa la kwanza, kisha la pili. Maji ya kikombe hupanda au kushuka hadi yalingane na ya pipa, ndipo unasoma kina chake. Ukiunganisha mpira mahali pasipo na pipa, na mpira umezibwa, kikombe hubaki na kina cha pipa lililotangulia. Hiyo ndiyo A1. Na mpira ukiwa mwembamba mno, muda utaisha kabla maji hayajalingana.

Mpira mwembamba ndio wenye hasara zaidi, kwa sababu hapo kihisi kipo na namba inaonekana ya kweli. Mtu anayepima betri ya sola ya volti 12 huigawa kwa rezista (vipande vinavyopinga mkondo wa umeme) za megaomu 2 na megaomu 1 ili asile betri, apate volti 4. Chipu inaona upinzani wa kilo-omu 667, ilhali watengenezaji wake wanashauri usizidi kilo-omu 10. Kwa kasi ya kawaida ya Uno, kapasita hupewa mikrosekunde 12 tu kujaa. Ikiwa imetoka kusoma LM35 yenye volti 0.25, kwa hesabu ya karatasi itafika karibu volti 3, na betri nzima itasomeka kama ya volti 9. Kwenye bodi halisi namba itatofautiana, kwa kuwa pini na nyaya zina ukapasita wao, yaani nazo hushika chaji kidogo.

Dawa ni rahisi. Tumia rezista za kilo-omu 20 na 10: zinakula miliampia 0.4, chini ya miliampia-saa 10 kwa siku, kitu ambacho betri ya ampia-saa 100 haitakihisi. Ukishikilia rezista kubwa, weka kapasita ya nanofaradi 100 kati ya pini na graundi. Itajaza ile ndogo papo hapo. Ila inachelewesha ishara, kwa hiyo inafaa kwa betri na joto, si kwa mtetemo wa pampu. Kwenye programu, soma chaneli mara mbili na utupe somo la kwanza. Hilo husaidia, ingawa haliponyi upinzani wa megaomu. Chaneli zisizotumika zipeleke graundi kupitia kilo-omu 10.

Ili kujua unashughulika na nini, unganisha A0 na graundi kwa muda, baada ya kuchomoa LM35. A1 ikishuka nayo, ni mabaki ya kikombe. Ikiendelea kucheza juu na chini, inanasa umeme wa ukutani, ambao Uganda ni wa hezi 50. Kwa pini tupu, rezista ile ile ya graundi inatosha. Kwa kihisi chenye waya mrefu, chukua wastani wa masomo yaliyotawanywa sawasawa ndani ya milisekunde 20, yaani wimbi moja kamili.