Mtungi mtupu wa miaka 5,000: wanaakiolojia hujuaje ulihifadhi nini?

Umbo hudokeza tu. Mtungi wenye shingo nyembamba huenda ulitiwa maji, mafuta, asali au pombe. Shahidi mzuri zaidi ni udongo wenyewe: chombo kilichofinyangwa bila kupakwa mng'aro wa kioo kina vitundu vidogo mno, navyo hufyonza kilichomo. Ndiyo maana chungu kilichozoea samaki hakifai tena kupikia uji.

Mfano ninaoupenda ni wa Godin Tepe, katika milima ya Zagros, magharibi mwa Iran. Huko ilichimbuliwa mitungi ya takriban mwaka 3500 hadi 3100 kabla ya Kristo. Mtafiti Virginia Badler aliona ndani ya baadhi yake doa jekundu, akatazama kwa makini mahali lilipo: kitakoni na ubavuni, upande mmoja tu. Mtungi ukisimama, mashapo hutuama chini. Doa la ubavu mmoja maana yake ulilazwa. Tena palikutwa vizibo vya udongo. Ni nani hulaza mtungi na kuuziba, ila anayeogopa hewa isije ikageuza kinywaji chake siki?

Patrick McGovern na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walipolipima doa lile walikuta asidi ya tartariki, ambayo zabibu inayo kwa wingi. Basi, mvinyo. Lakini tusikimbie: ukwaju wetu nao umejaa asidi hiyohiyo! Mtungi kama ule ungefukuliwa Kilwa, kipimo hicho peke yake kisingethibitisha mvinyo hata kidogo. Kule Zagros mkwaju haukuwa mti wa huko, na hapo ndipo hoja ya zabibu inapopata nguvu. Jibu la maabara halijitoshelezi bila kuijua mimea ya mahali.

Mtungi mwingine wa hapohapo ulikuwa na mistari iliyokatizana, iliyochorwa ndani kwa ncha kali, na ndani ya mistari hiyo mlikuwa na kalsiamu okzaleti, mashapo yanayoachwa na bia ya shayiri.

Kinachosumbua zaidi ni kwamba mitungi haikuwa na kazi moja maisha yake yote. Uliotunza mvinyo mwaka huu ungeweza kutiwa mafuta baadaye, na vitundu vikafyonza vyote viwili. Kwa hiyo wapimaji huomba vigae visioshwe, na huchukua pia udongo uliovizunguka. Asidi ikionekana humo vilevile, yawezekana ilipenya mtungini baada ya kufukiwa.