Kwa nini kifaa kinachobana pumzi humsaidia anayebanwa

Mgonjwa mwenye ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa akipewa kifaa cha kupulizia chenye tundu jembamba, mara nyingi huuliza swali la haki: mimi tayari nabanwa, mbona mnanibana zaidi?

Wengi hudhani shida ya ugonjwa huu iko katika kuvuta hewa. Kubwa zaidi iko katika kuitoa. Moshi wa tumbaku, moshi wa kuni au vumbi la kazini, ukivutwa kwa miaka, huvimbisha kuta za mirija ya hewa, huongeza makohozi na huharibu nyuzi zinazoishikilia mirija hiyo isilale. Upana ukipungua kidogo tu, ukinzani, yaani ugumu wa hewa kupita, hupanda mno: kipenyo kikiwa nusu, huongezeka takriban mara 16. Sasa mgonjwa akisukuma pumzi nje kwa nguvu, shinikizo la kifua huiminya mirija iliyolegea mpaka ijifunge. Hewa hunaswa ndani, kifua hujaa, na pumzi inayofuata hukosa pa kuingia.

Hapo ndipo kizuizi cha mdomoni kinapofaa. Hewa ikikinzwa kidogo wakati wa kutoka, shinikizo hubaki ndani ya mirija na kuishikilia wazi. Kubana midomo kama anayepuliza mshumaa hufanya kazi hiyohiyo, tena bure: vuta kwa pua, toa polepole, kutoa kuchukue muda mara mbili ya kuvuta. Kwa maoni yangu, kila mgonjwa afundishwe hilo kabla ya kuuziwa chochote.

Vifaa vingine vina gololi au sumaku inayotikisa hewa na kulegeza makohozi. Humfaa mwenye makohozi mengi. Mwenye kifua kikavu asitarajie makubwa. Anayekohoa damu, au ambaye pafu lake limewahi kupasuka na kuvuja hewa, amwone daktari kwanza. Vile vya kuvutia hewa kwa tabu huimarisha misuli ya kupumua, lakini havipanui mirija.

Mirija hupanuliwa na dawa, na dawa nyingi huishia kooni kwa sababu ya kuvutwa vibaya. Inhela ya kupuliza huvutwa polepole na kwa kina, ikiwezekana kupitia chemba yake, yaani kichupa kinachowekwa kati ya inhela na mdomo. Ya unga huvutwa kwa haraka na kwa nguvu. Zote mbili, zuia pumzi hadi sekunde 10 ukiweza. Kama dawa ina steroidi, yaani dawa ya kupunguza uvimbe wa mirija, sukutua na uteme, la sivyo utando mweupe wa fangasi unaweza kuota mdomoni.

Oksijeni nayo haipunguzi ukinzani wowote. Huongeza oksijeni kwenye damu, basi. Kwa baadhi ya wagonjwa hawa, ikizidi husababisha kaboni dioksidi kurundikana, ndiyo maana kipimo cha kidoleni cha oksijeni ya damu hulengwa kati ya asilimia 88 na 92. Ndugu wa mgonjwa wasiongeze kasi ya mtungi kwa kuona tu kwamba anahema. Wapige simu kwa anayemtibu.