Wino wa ngisi, pondo na stima: tunayoambiana barazani Lamu

"Wino wa ngisi unapitisha stima, nimeona kwa macho yangu."

Aliyeona ni kijana fundi wa simu huku Langoni, na mimi nilikuwepo. Alichovya pini mbili za mita kwenye wino wa ngisi aliyetumbuliwa papo hapo, namba zikaruka. Sawa, lakini ngisi katoka baharini, na maji ya chumvi hupitisha stima hata yakiwa meupe pe. Nikamwomba aupake kwenye kipande cha kigae, auanike. Saa saba, ulipokauka ukapasukapasuka kama tope la pwani kavu, mita haikusema kitu. Jioni upepo wa bahari ulipolowesha hewa, namba zikaanza tena kuchezacheza.

Chumvi bado ilikuwemo, kwa hiyo jaribio letu lilikuwa la barazani tu. Ila hata ukiiosha chumvi yote, kuna jambo linabaki. Weusi wa wino ule ni melanini, jamaa ya ile iliyo kwenye nywele zetu. Ikiwa kavu hupitisha stima kwa shida mno. Ikinyonya unyevu, upitishaji wake hupanda mara maelfu. Mwaka 1974, John McGinness, Peter Corry na Peter Proctor walitangaza kwenye jarida la Science, wakiwa Houston, Marekani, kwamba kipande cha melanini kinaweza kufanya kazi ya swichi: volti zikifika kiwango fulani, kinageuka ghafla na kuachia umeme upite. Kwa miaka mingi ikadhaniwa ni elektroni tu, zile chembe ndogo za chaji hasi, zinazosafiri humo, kama ndani ya silikoni ya chipu za simu. Baadaye ikaonekana kuwa protoni, chembe za chaji chanya, nazo zinabeba sehemu kubwa ya umeme huo, na hizo zinahitaji maji ili zitembee.

"Mtu mweusi sana huvuta radi, kwa sababu melanini inashinda shaba."

Hii huja kwa WhatsApp, tena na picha ya ubongo unaong'aa. Shaba iko mbali kabisa mbele ya melanini. Na kinachozuia stima kwenye ngozi ni lile tabaka la juu lililokufa, si rangi iliyo chini yake: ngozi kavu inaweza kufika omu 100,000 (omu ni kipimo cha jinsi kitu kinavyozuia stima), ikilowa ikashuka hadi omu 1,000 hivi, awe mweupe au mweusi. Radi nayo hupenda kilicho juu, kama mlingoti wa jahazi.

Hina je? Hiyo si melanini hata kidogo. Bibi harusi awashe taa bila wasiwasi, mradi mikono imekauka.

"Mti ni mti, haupitishi stima."

Hapa ndipo huwa nakosa usingizi. Boriti ya darini iliyokaa miaka mingi ni kavu, kweli inazuia. Mkoko uliokatwa jana umejaa maji na chumvi ndani ya nyuzi zake. Huo hauna tofauti kubwa na ule wino wa asubuhi. Msimu wa mvua uliopita waya uliangukia kichochoroni, mzee mmoja akaja mbio kuusukuma kwa pondo lake, ule mti mrefu wa kusukumia mashua, limetoka majini, bado linachuruzika. Tulimvuta kwa kanzu, ikachanika. Mpaka leo ananidai kanzu.