Diakonia si chambo

Siku hizi kanisani ukisikia "Jumamosi tunakwenda kufanya diakonia", ujue kosta imekodiwa, fulana zimechapishwa, na viroba vya sukari, sabuni na pampasi vimefungwa tayari kwa hospitali ya wilaya. Wagonjwa wanahubiriwa, wanaotaka kuokoka wananyoosha mikono, ndipo viroba vinagawiwa na picha kupigwa. Jumapili kamati inasoma taarifa: wangapi wamepewa, wangapi wamempokea Yesu. Makofi yanapigwa kwenye hesabu ya pili.

Diakonia ni kanisa kumhudumia mwenye shida kwa sababu ana shida. Neno lenyewe ni la Kigiriki, na Walutheri ndio wanaolitumia sana kwetu. Wakatoliki wana matendo ya huruma. Tusigombanie majina. Linalonisumbua ni ule mpangilio wa mahubiri kwanza, sabuni baadaye, na zaidi ya hapo ile kauli kwamba diakonia "inafungua mlango wa uinjilisti". Ukiisikiliza vizuri, kauli hiyo inamgeuza mgonjwa kuwa samaki na sabuni kuwa chambo.

Someni Matendo 6, sura ambayo kila semina ya diakonia huanza nayo na kuiacha haraka. Wajane wa Wayahudi waliosema Kigiriki walikuwa wanasahauliwa katika mgawo wa kila siku, na watu wao wakanung'unika. Wajane hao walikuwa waumini tayari. Hapakuwa na mtu wa kuvutwa wala wa kuhesabiwa. Palikuwa na njaa, na palikuwa na upendeleo wa kabila ndani ya kanisa changa. Mitume hawakuitisha mkutano wa injili. Waliwaambia watu wachague saba wenye sifa njema, waliojaa Roho na hekima, wasimamie chakula. Hebu fikirini: hekima na Roho Mtakatifu vinatakiwa ili mtu agawe chakula kwa haki.

Wengine huitumia sura hiyohiyo kudai kwamba kuhudumu mezani ni kazi ya daraja la chini, waachiwe akina mama wa jikoni. Lakini Stefano, mmoja wa hao saba, ndiye anayetoa hotuba ndefu sura ya 7 na kupigwa mawe, na Filipo, mwenzake, yuko Samaria sura ya 8 akihubiri. Hakuna aliyewaambia warudi kwenye sahani.

Kisha kuna wale wakoma kumi wa Luka 17. Wote walitakaswa. Aliyerudi kushukuru ni mmoja, tena Msamaria. Yesu akauliza, "Wale kenda wa wapi?" Swali hilo lina uchungu, lakini ukoma haukurudishwa kwa wale kenda. Kwa taarifa zetu za kamati, siku ile ingeandikwa kuwa ya hasara.

Lutindi, kwenye milima ya Usambara, inaonyesha jambo hili vizuri. Wamisionari wa Kijerumani walianzisha pale makazi ya watoto waliookolewa utumwani, mwishoni mwa karne ya 19. Baadaye yakawa mahali pa kutunzia wagonjwa wa akili, na hospitali hiyo ipo mpaka leo chini ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT). Mtu aliyechanganyikiwa, asiyejua hata jina lake, utamwongoza sala ya toba kabla ya kumpa dawa? Unamwosha, unamlisha, kesho unamwosha tena. Sisemi kwamba misheni zote zilikuwa hivyo. Kuna mahali ambapo ubatizo ulikuwa ndiyo njia ya kupata dawati la shule, na tabia yetu ya kupanga foleni nadhani tumeirithi huko.

Haya hayamaanishi kwamba anayehudumu afunge mdomo. Siku hizi kuna pia wanaojificha nyuma ya matendo, eti maisha yao yanahubiri yenyewe, na usemi mmoja wanaoupenda, "Hubiri Injili siku zote, ikibidi tumia maneno", wanambandika Mtakatifu Fransisko wa Asizi ingawa haupatikani katika maandishi yake. Petro anataka tuwe tayari siku zote kumjibu kila mtu atuulizaye habari za tumaini lililo ndani yetu, kwa upole na kwa hofu. Atuulizaye. Swali linatoka kwa mgonjwa, kwa wakati wake, na lisipotoka, uji unabaki kuwa wake.

Kwa hiyo ndugu zangu wa kamati, safari ya Jumamosi iiteni ziara au zawadi, ni majina mazuri na hakuna atakayewalaumu. Viroba vigawiwe mkifika, kabla ya mahubiri. Na kama kuna mama mmoja wa jumuiya anayerudi Jumanne wodini kumlisha yule bibi asiye na ndugu, bila fulana, muulizeni kama yuko radhi aandikwe kwenye taarifa chini ya diakonia.