Kuoneana muhali: maana yake mtoto anapodhalilishwa kanisani

Muhali ni neno lenye asili ya Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni jambo lisilowezekana. Hapa Unguja na Pemba limebeba maana nyengine. Mtu "anaona muhali" pale anapojua la kufanya, na uwezo anao, lakini hafanyi kwa kumstahi mtu. Jirani kaja kukopa, unajua halipi, na bado unampa. Mkwe kakosea, unanyamaza. Ofisini tuna hata "rushwa muhali", yaani kumpitishia mtu asichostahiki kwa kuwa ni wa kwetu.

Muhali una wema ndani yake. Visiwa ni vidogo, leo umemkaripia mtu barazani, kesho uko naye safu moja ya mazishi. Watu wanaoishi karibu hivyo lazima wasitiriane. Tatizo ni pale kinachositiriwa kinapokuwa mkono wa mtu mzima juu ya mwili wa mtoto.

Wanaofuatilia kesi za udhalilishaji wa kingono Zanzibar wanalijua vyema neno hili. Kesi inafunguliwa, halafu mashahidi hawaonekani mahakamani, kwa sababu mtuhumiwa ni baba mdogo, au mwalimu wa chuoni (madrasa), au jirani aliyewauguzia mama yao. Mimi ni Mkristo, na nataka kuueleza muhali wa kanisani. Una sura yake.

Wakristo hapa ni wachache, na usharika mmoja unaweza kuwa na familia chache tu zilizooana na kuzikana kwa miaka. Tuseme binti wa miaka 13, mwimbaji wa kwaya ya watoto, kamwambia bibi yake kwamba mwalimu wa kwaya humbakisha baada ya mazoezi na kumshika. Bibi anakwenda kwa mzee wa kanisa. Mzee anaamini kila neno. Huyo mwalimu, hata hivyo, ndiye aliyemsimamia mwanawe harusi. Na kuna hofu nyengine isiyosemwa kwa sauti: wenzetu Waislamu watasemaje wakisikia? Basi wanaitwa watu wanne, mlango unafungwa, wanasali, mwalimu analia na kuomba radhi, nauli ya kurudi Bara inachangwa. Binti haitwi hata kuulizwa. Mwezi unaofuata mwalimu anafundisha kwaya mahali pengine, ambako hakuna anayejua.

Hapo wote wanne wametenda kwa huruma, na wameielekeza kwa mtu mmoja. Kwa binti, kikao kile kimemwambia kwamba alichofanyiwa ni kizito kwa mwalimu kuliko kwake.

Muhali wa kanisani hupata nguvu kwa kujivika Maandiko. Husomwa Mathayo 18, pale Yesu anaposema ndugu akikukosea ukamwonye mkiwa wawili. Ni mafundisho juu ya ugomvi wa ndugu kwa ndugu. Mtoto wa miaka 13 hakugombana na mtu mzima, na kumtaka akae naye faragha wapatane ni kumrudisha palepale alipoumizwa. Sura hiyohiyo, aya chache juu yake, inazungumzia anayemkosesha mmoja wa wadogo hawa, na jiwe la kusagia shingoni mwake. Aya hiyo sijawahi kusikia ikisomwa katika vikao vya kuyamaliza.

Husemwa pia kuwa kanisa lina siri ya kitubio. Hilo lielezwe sawasawa, kwa sababu watu wema hukwama hapo. Kwa Wakatoliki, padri hawezi kutoboa alichoambiwa katika kitubio, kwa sababu yoyote ile. Lakini kitubio ni sakramenti, mwenye dhambi anaungama dhambi zake mwenyewe kwa padri. Bibi anayemweleza mzee wa kanisa yaliyomkuta mjukuu wake haungami. Mtoto anayemwambia mwalimu wa Jumapili haungami. Katibu wa kwaya aliyeona kwa macho yake hana siri yoyote ya kulinda. Maneno mengi yanayofungiwa kwa jina la kitubio hayajawahi kufika kwenye kitubio.

Anayedhani haya ni ya visiwani tu, aangalie Kanisa la Uingereza. John Smyth, wakili aliyeongoza kambi za vijana za Kikristo, aliwapiga wavulana kikatili. Viongozi waliomzunguka walipata ripoti ya maandishi mwaka 1982. Hawakuipeleka polisi. Mwaka 1984 alihamia Zimbabwe, akaanzisha kambi nyengine, akaendelea, na baadaye akaenda Afrika Kusini. Alikufa mwaka 2018 bila ya kuhukumiwa, na walioumizwa walipita 100. Ripoti ya uchunguzi ilipotoka Novemba 2024, Askofu Mkuu wa Canterbury, Justin Welby, alitangaza kujiuzulu. Wazungu wale hawalijui neno muhali, ila walimstahi mtu wa tabaka lao na jina la kazi ya Mungu. Gharama ya stahi hiyo walilipishwa watoto wa Kiafrika, na hilo linaniuma kila nikilikumbuka.

Makanisa yamejaribu kuutungia muhali kanuni. Mwaka 2019 Papa Fransisko alitoa sheria iitwayo Vos estis lux mundi, inayomlazimisha padri na mtawa kutoa taarifa kwa wakubwa wa kanisa anapojua kuna udhalilishaji, na inayogusa hata maaskofu walioficha. Mwaka 2023 ikafanywa ya kudumu. Ni hatua kubwa. Hata hivyo taarifa hiyo inapanda ngazi za kanisa kwanza, na habari ya polisi imeachiwa sheria za kila nchi. Kwa hiyo muumini asidhani kwamba akishamwambia padri wa parokia, serikali nayo imeshajua.

Kwa sheria zetu, kumnajisi mtoto ni jinai, na mtoto ni yeyote aliye chini ya miaka 18. Anayeshitaki ni Mkurugenzi wa Mashtaka kwa niaba ya serikali. Mzee wa kanisa hawezi kuisamehe jinai hiyo, na baba wa mtoto pia hawezi, hata akipokea fedha na kutia saini karatasi. Msamaha wa kiroho upo, na mkosaji anaweza kuupata akiwa gerezani.

Sasa turudi kwa bibi na mzee. Ikiwa mtoto ameingiliwa, saa ndizo zinazohesabu. Asiogeshwe kabla ya kuonwa na daktari. Nguo alizovaa zisifuliwe, zitiwe kwenye mfuko wa karatasi, kwa kuwa plastiki hufanya unyevu na kuharibu ushahidi. Apelekwe kituo cha Mkono kwa Mkono, kama kile cha Hospitali ya Mnazi Mmoja au cha Chake Chake kwa walio Pemba, ambako daktari, polisi na mshauri nasaha hukutana mahali pamoja, asizungushwe akisimulia upya kila mlango. Dawa za kuzuia VVU zianzwe ndani ya saa 72, na mapema ni bora zaidi. Mzee wa kanisa asimhoji mtoto wala asimkutanishe na mtuhumiwa. Aandike alichoambiwa, kwa maneno ya mtoto mwenyewe, na tarehe. Namba 116 inapokea simu za watoto bila malipo.

Na Jumapili ile mwalimu asiwe mbele ya kwaya wakati uchunguzi unaendelea. Binti akitaka kuja kuimba, kiti chake kiwe palepale alipozoea kukaa.