Mvinyo mweupe nao huzeeka vizuri

Wengi huamini mvinyo mweupe hunywewa ukiwa mchanga tu, na kwamba wa kuwekwa miaka ni mwekundu. Si kweli. Mvinyo mweupe hutunzwa hasa na asidi yake, na zabibu za Wachau, bonde la mto Danube nchini Austria, zinayo ya kutosha kwa sababu usiku wa huko ni wa baridi.

Chukua Grüner Veltliner, mvinyo wa zabibu nyeupe za huko. Ukiwa mchanga hunukia pilipili manga na ndimu. Ukipita miaka kumi hugeuka rangi ya dhahabu, na puani unapata asali, njugu na mkate uliobanikwa. Riesling, mvinyo mwingine mweupe wa huko, hufuata njia yake: harufu ya matunda hupungua, inakuja nyingine inayofanana na mafuta ya taa. Usiumwage, haujaharibika! Hiyo ndiyo alama ya Riesling iliyokomaa, na mimi naipenda kuliko zote.

Mwaka 2002, jijini London, waonjaji walilinganisha Grüner Veltliner na mvinyo mweupe maarufu wa zabibu za Chardonnay bila kuona lebo. Ulioshika nafasi ya kwanza ulikuwa Grüner Veltliner wa mwaka 1990.

Chupa ya mvinyo mwepesi wa bei ndogo inywe mapema. Ya kusubiri ni kama ile yenye jina Smaragd, daraja la juu kabisa la mvinyo mweupe wa Wachau, na usiipoze mno: baridi kali huficha harufu.